Mlio Kwenye Mpini wa Bisibisi

Haya yalimpata rafiki yangu, niliyeacha shule pamoja naye. Alikuwa akijifunza umakanika kwa baba yake mdogo, aliyemwambia siku zote, "Baba yako aliwakimbia, mwanangu. Msahau tu." Naye aliamini, akamchukia baba yake.

Jioni moja mteja alileta gari la kifahari gerejini kwao. Injini ilitetemeka mpaka usukani ukacheza. Baba mdogo alipoliona alirudi nyuma.

"Hilo peleka kwingine, bosi."

"Si wewe uliyeniuzia, ile wiki kaka yako alipotoweka? Leo umelisusa?" Mteja akacheka, akaacha funguo.

Baba mdogo akajikalia kwenye kona. Rafiki yangu aliwasha injini, akawa anachomoa waya wa plagi mmoja na kuurudisha, kisha mwingine, ili ajue hitilafu iko wapi, lakini mtetemo haukuzidi wala kupungua. Mara umeme ukakatika, gereji ikawa giza. Akachukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha kwenye injini na mpini sikioni, kama baba yake alivyomfundisha utotoni.

Alisikia kitu kikigonga. Ngo, ngo, kisha kimya, kisha ngo. Hivyo ndivyo baba yake alivyogonga mlango kila aliporudi kazini.

"Zima gari," baba mdogo alisema.

Akazima. Injini ikanyamaza, feni yake nayo ikaacha kuzunguka. Akarudisha mpini sikioni.

Ngo, ngo. Ngo.

Baba mdogo akauliza polepole kutoka kwenye kona yake:

"Kaka bado anagonga?"