Mshenga kwa Mama Gertrude

Msimu wa kahawa, stendi ya Mbinga haina pa kukanyaga. Ndiyo maana Edmund alimkanyaga Scholastica mguu, tena kwa kiatu kilichopigwa rangi kikang'aa.

"Samahani, dada. Nimekuumiza?"

"Umeniumiza. Sasa nibebee katoni hizi."

Akazibeba hadi kwenye duka la dawa la Scholastica, huku macho yameganda kwenye gauni lake la kitenge cha njano. Tangu siku hiyo akawa mteja wa kudumu wa dawa za maumivu.

"Leo tena kichwa?"

"Kichwa, malkia wangu."

"Kichwa au moyo?"

Hawakukawia kuwa wapenzi. Kijana huyo wa kijiji cha Maguu alikuwa mcheshi kupindukia, ila tangu alipomzika mama yake alikuwa na tabia ya kupotea ghafla. Anajifungia, anazima simu, hata wiki nzima. Scholastica anabaki kupiga na kulia. Siku alipoibuka tena, Scholastica alimpasulia ukweli.

"Mpenzi, nakupenda, lakini siwezi kuolewa na simu iliyozimwa. Ongea na mshauri nasaha, au tuachane kwa heri."

"Mshauri gani?"

"Mama Gertrude wa Songea. Anafanya kazi kwa video, binafsi. Nimeshamhoji! Amenionyesha cheti chake. Nimemuuliza nani mwingine atakusikia, akasema hakuna, labda maisha ya mtu yawe hatarini. Mtandao ukikatika, atakupigia simu ya kawaida. Wewe tafuta chumba chenye mlango, vaa hedifoni. Msipoelewana, ruksa kutafuta mwingine."

"Basi Alhamisi, mpenzi. Nimekubali."

Alhamisi jioni aliyeingia dukani ni Kilian, rafiki wa Edmund, kavaa koti la harusini, jasho linamtiririka.

"Shemeji, nimeshindwa. Yule mama kanikatalia."

"Kakukatalia nini?"

"Kumsemea Edmund! Nimejitambulisha vizuri tu kwamba mimi ndiye mshenga. Akacheka kidogo, halafu akasema mwenye maumivu aje mwenyewe."

Scholastica alihisi moyo unachanika. Kumbe hata kuongea tu, kwa ajili yake, mwanamume huyu hawezi! Akaichukua simu.

"Edmund! Nakuomba uufungue moyo wako, wewe unamtuma Kilian?"

"Sikukudharau, mpenzi. Kwetu jambo zito mtu hajisemei, anatuma wa kumwakilisha. Nimefanya kwa heshima. Na mimi nikimtaja mama, sauti... sauti inakatika."

Na kweli ilikatika. Scholastica akamsikia akilia, yeye ambaye miezi yote hakuwahi kumtaja mama yake hata mara moja. Hasira zote zikamwishia, akatamani simu iwe na mikono amkumbatie.

"Iache ikatike, mpenzi wangu. Mama Gertrude atasubiri, ndiyo kazi yake. Ila uingie mwenyewe."

Akaingia mwenyewe, na akaendelea kuingia. Scholastica hakuuliza walichozungumza, maana yale ni ya Edmund, atayasema akipenda. Edmund hakupona kwa siku moja. Kuna jioni simu ilizimwa tena, lakini kwanza ulifika ujumbe: "Leo nimezidiwa. Kesho nitakupigia." Kesho yake akapiga kweli, asubuhi na mapema, Scholastica akapokea huku mswaki uko mdomoni.

Jumamosi moja, duka limefurika, Edmund akaegemea kaunta, kanukia marashi.

"Kichwa tena?" Scholastica akamtania.

"Leo siumwi. Nataka kukuoa, Scholastica. Nakupenda, na nimelisema kwa mdomo wangu mwenyewe."

Bibi mmoja aliyefuata dawa ya kikohozi akapiga kigelegele, kikohozi chenyewe amekisahau. Scholastica akacheka huku machozi yanamtoka.

"Nimekubali, mpenzi. Lakini usije ukathubutu kwenda kwa baba yangu kusema hivyo hivyo mwenyewe. Hilo sasa, mtume Kilian."