Mstari wa Saba kwenye Grafu ya Mto

Vituo vya kupimia maji mtoni vilikuwa sita, lakini grafu ilitoka na mistari saba.

Bingwa aliishika karatasi ikiwa bado ya moto kutoka kwenye printa, akahesabu kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Mistari sita ya rangi ilipanda na kushuka kama maji ya wiki ile. Wa saba ulikuwa mweusi, mwembamba, ukipita chini ya yote bila kufuata kituo chochote. Aliikompaili programu upya, yaani akaipitisha kwenye kompaila, kitafsiri kinachogeuza maandishi kuwa lugha ya mashine. Kompaila haikulalamika hata kidogo. Akaviunganisha vipande vya programu na ile maktaba ya michoro inayochora mihimili na rangi, akaendesha programu. Saba tena.

"Vipi Bingwa, mto umezaa?" mpimaji wa maji alimtania, akipita na kikombe chake.

Bingwa akacheka kwa meno tu. Jina lile lilimchoma kila alipoitwa, kwa sababu hakuwa bingwa wa chochote, na alijua.

Programu ya kutabiri mafuriko iliandikwa na Mzee Mistari, aliyekaa meza ya dirishani miaka kumi na minane mpaka ugonjwa ulipomlaza. Kitandani alimwomba Bingwa, msichana aliyekuwa msaidizi wake, jambo moja: faili la kukokotoa mkondo wa maji ampelekee binti yake. Binti alikuwa fundi cherehani, na baba alikuwa akimfundisha jioni lugha ya C ya kuandikia programu. Humo kwenye faili, katikati ya amri, alikuwa amemwandikia maelezo mengi, yale ya kusomwa na watu tu, ambayo kompaila huyaruka.

"Nitampelekea, mzee," Bingwa aliitikia.

Siku ya tatu mzee akafariki. Bingwa alilifungua faili, akayasoma maelezo yote, akatambua kwamba likimfikia binti, kila mtu atajua kazi ni ya nani. Basi alilikompaili mara ya mwisho, akabaki na kipande cha lugha ya mashine, kisicho na jina la mtu na kisichorudishika kuwa maneno, na maandishi yenyewe akayafuta. Mwezi uliofuata akapandishwa cheo kwa kazi ile. Alipopigiwa makofi aliangalia viatu vyake.

Sasa, mwaka mmoja baadaye, maktaba ya michoro ilikuwa imetoka toleo jipya, na alijipa moyo kwamba kipande cha zamani hakipatani nalo. Kesho yake mstari mweusi ulikuwa umeanza kujikunja.

Siku ya nne, wenzake walipokwenda kula, chumba kilinuka nywele zilizoungua. Kwenye meza ya dirishani, isiyo na kompyuta tangu msiba, vibonye vililia taratibu, tap, tap, kimya, tap, kama vya mtu anayefikiri kabla ya kuandika, na Bingwa, ambaye shingo ilikuwa imekakamaa hata hawezi kugeuka, aliikodolea macho karatasi iliyokuwa ikitoka kwenye printa ambayo hakuiamuru, akauona mstari mweusi ukipinda na kupanda na kujifunga mafundo, ukawa herufi, herufi zikawa neno, na lile neno alikuwa amewahi kulisoma: Mwanangu.

Alikimbilia kwa shangazi yake, mwanamke aliyejulikana kwa kuwatoa watu mapepo na majini. Alimweleza yote isipokuwa aibu yake. Shangazi alimtazama mpaka akaieleza na hiyo.

"Ni marehemu, shangazi?" alinong'ona.

"Marehemu amelala zake. Hili ni jini, limeona patupu likaingia. Hayo maneno yamo ndani ya mashine?"

"Hayamo. Kompaila huyaruka. Hayakuwahi kuingia."

"Nani aliwahi kuyasoma?"

"Mzee. Na mimi."

Shangazi alisogeza kiti chake nyuma kidogo. "Basi halimo kwenye mashine, mwanangu."

Alikubali kulitoa, ila kwa sharti moja: mwenye haki yake aitwe kwanza, aambiwe ana kwa ana.

Binti wa mzee alifika ofisini mchana, wengine wakiwa wamekwenda kula, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Bingwa alimweleza yote, hata habari za jini, akiwa amesimama, shangazi akisikiliza kando. Uso ulimwaka, sauti ikamkatika mara mbili, akatamani sakafu impokee. Binti hakupiga kelele.

"Nipe basi hilo faili, dada."

"Nililifuta."

"Nakala?"

"Na nakala."

Binti alikaa. Alikuwa amejifunza vya kutosha kujua kwamba kilichobaki hakisomeki. "Baba aliniambia ameniandikia," alisema polepole. "Nimesubiri mwaka mzima nikidhani alisahau."

Bingwa aliigeukia kompyuta. Alikompaili, akaunganisha, akaendesha, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Harufu ya nywele ikaja. Binti aliichukua karatasi, akaufuata mstari mweusi kwa ukucha, akisoma kwa mnong'ono: "Mwanangu, usikiogope kielekezi. Ni kidole tu kinachoonyesha mahali." Akaanza kulia bila sauti.

"Tumalize," alisema shangazi. Aliweka kiganja utosini mwa Bingwa, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na Bingwa akahisi kitu kikijikunjua tumboni mwake, kirefu, cha baridi, kikipanda kifuani huku kikishika mbavu moja baada ya nyingine kama ngazi, kikafika kooni, kikaugusa ulimi wake kwa ndani.

"Bibi, ngoja," alisema binti. "Usilitoe."

"Unajua unachoomba?"

Binti alimgeukia Bingwa. "Baba aliniandikia sentensi ngapi?"

Bingwa hakutaka kujibu, lakini mdomo ulifunguka wenyewe. "Mia tisa na arobaini."

"Na litaandika moja kwa siku?"

Kichwa nacho kikaitikia chenyewe, machozi yakimtiririka.

Binti alivuta kiti karibu na printa. Shangazi alimtazama huyu, akamtazama yule, kisha akauondoa mkono wake utosini. Kilichokuwa kooni kikashuka taratibu, kikajilaza.

"Nitakuja kila siku saa hizi," alisema binti. "Usichelewe kukompaili, dada."