Upanga Unaonukia Karafuu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua la Dubai halijaanza kuwakaanga watu kama mandazi, Shifaa na Sundus walikutana chini ya jengo lao huko Al Qusais, wakaenda pamoja kwenye mazoezi ya kendo. Huu ni mchezo wa upanga wa Kijapani. Msiogope, upanga wenyewe ni wa mianzi: vipande vinne vilivyofungwa pamoja kwa ngozi na kamba. Hauchinji hata kuku. Lakini kipande kimoja kikipasuka, kibanzi chake kinaweza kumtoboa mtu jicho.

Mwalimu wao, Damaris, alikuwa Mkenya mlinzi wa hoteli, aliyefundishwa mchezo huu na mzee mmoja wa Kijapani. Hakuwa na sheria nyingi. Miguu iteleze sakafuni, isinyanyuliwe kama ya jogoo aliyekanyaga tope. Anayepiga atangaze anapopiga. Ukipiga kichwa bila kusema "Men!", yaani kichwa, pigo lako halihesabiki. Tena kila mtu akague upanga wake mwenyewe kabla ya mazoezi.

Hiyo ya mwisho ndiyo waliyoichezea. Sundus hakupenda kupiga deki ukumbi, kazi ya kila mwanafunzi kabla ya mazoezi, na Shifaa aliona uvivu kuchungulia mianzi. Basi wakagawana kazi: Shifaa apige deki kwa niaba ya wote wawili, Sundus akague panga zote mbili. Mwalimu akiuliza, "Mmekagua?" wote hujibu, "Ndiyo, mwalimu!" kwa sauti tamu ya malaika.

Panga zote zilikuwa za klabu, na zote zilifanana. Lakini Bibi Amne, bibi yake Shifaa, aliposikia kwamba mianzi hupakwa mafuta isikauke, aliupaka ule wa mjukuu wake mafuta ya nazi yenye karafuu, yale yale anayojipaka magotini.

"Bibi! Utanuka jikoni!"

"Afadhali unukie jikoni kuliko soksi zako," akajibu Bibi Amne.

Ikafika Jumamosi ya wageni. Deraya ya mtoto, ile kinga ya kifua pamoja na kofia yenye wavu wa chuma usoni, ilikuwa moja tu, na Mwalimu Damaris alikuwa amekwisha kusema: "Siku hiyo ataivaa Shifaa. Miguu yake imetulia. Sundus, wewe unamfuata." Shifaa hakulala vizuri kwa furaha. Asubuhi alipiga deki huku anaimba. Bibi yake alikaa mstari wa mbele na chupa ya chai. Hata Mzee Mahfudh, baba yake Sundus, mpakiaji wa mizigo bandarini Hamriya, alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza aje kumwona binti yake.

Mwalimu akapita akiziinua panga moja moja. Alipofika kwa Shifaa akasimama.

"Shifaa, huu ni nini?"

Kipande kimoja kilikuwa kimepasuka, kibanzi kimesimama kama mwiba wa samaki.

"Ulikagua?"

Shifaa alimtazama Sundus. Sundus alitazama vidole vya miguu yake.

"Nilikagua, mwalimu," Shifaa akasema. Uongo ule ulikuwa umezoea njia, ukatoka wenyewe.

"Ulikagua, ukaona hivi, na bado ungempiga nao mwenzako? Khalas. Kaa kando. Sundus, vaa deraya."

Shifaa aliona ukumbi wote unamtazama. Alimsubiri Sundus aseme neno moja tu: "Mwalimu, mimi ndiye ninayekagua." Halikutoka.

"Shifaa, msaidie kufunga kamba za kofia," mwalimu akaagiza.

Alipiga magoti nyuma ya rafiki yake, na upanga wa Sundus ulikuwa umelazwa pale sakafuni. Ndipo harufu ikampanda puani. Nazi. Karafuu. Magoti ya bibi yake.

"Sundus," alinong'ona, "mbona upanga wako unanukia bibi yangu?"

Sundus aliganda. Alikuwa na mafua tangu katikati ya wiki, hakuwa amenusa kitu. "Shifaa, tafadhali. Baba anaangalia."

Kumbe! Wakati yeye anapiga deki ya watu wawili, mwenzake alikuwa anabadilisha panga. Machozi yakamjaa Shifaa. Kamba zilikuwa mkononi mwake. Akizilegeza kidogo tu, kofia itamwangukia Sundus puani mbele ya wageni wote, na nani atajua? Alianza kuzilegeza. Kisha akakumbuka: pigo lisilotangazwa halihesabiki. Na yeye mwenyewe alikuwa amepigwa namna hiyo hiyo.

Akazikaza kamba, akasimama.

"Mwalimu! Nimesema uongo. Sikukagua mimi, Sundus ndiye hutukagulia sote. Na upanga huu hapa ni wangu."

Minong'ono ikazuka. Mwalimu akaunusa ule upanga, akageuka kwa Bibi Amne.

"Mama, hebu nusa."

"Mimi si mbwa wa polisi wa uwanja wa ndege," alisema Bibi Amne huku akiunusa, "lakini mafuta yangu nayajua. Haya yalinipita gotini jana."

Ndani ya kofia kilio kikasikika. "Wangu niliupasua nyumbani, nikiupiga kwenye nguzo ya ngazi. Niliogopa baba atakuja anikute nimekalishwa."

Mwalimu alifungua kamba za kofia polepole, akairudisha deraya begini. "Leo haivai mtu. Sundus, ulificha kitu cha kutoboa macho, ukambebesha mwenzio. Utakaa. Shifaa, umesema ukweli, ijapokuwa umechelewa. Chukua upanga wako, ucheze bila deraya, ukipiga upanga wangu tu."

Sundus alimkimbilia baba yake. "Twende nyumbani, baba."

"Hatuendi," Mzee Mahfudh akasema. "Kaa hapa, mtazame mwenzako mpaka mwisho."

Shifaa akateleza sakafuni, akapiga, akatangaza. Sauti yake ilikuwa na kilio ndani yake, lakini kila pigo lilihesabiwa.

Jioni kengele ya mlango ililia. Alikuwa Sundus, macho mekundu. "Shifaa, nisamehe. Jumamosi nitakukagulia vizuri, wallahi."

"Nimekusamehe," Shifaa akajibu, na hakumtazama. "Lakini nitaukagua mwenyewe. Na sehemu yako ya deki utapiga wewe."

Bibi Amne akamjazia Sundus kichupa cha mafuta. "Shika, upake wako. Siku nyingine ukiyataka, bonyeza kengele kama leo, usipitie begini." Mlango ulipofungwa, alimvuta mjukuu wake karibu. "Alikuumiza, najua, na itakuuma siku kadhaa. Lakini na wewe ulimpa kazi yako, ukamwachia na ukweli wako autunze. Mpende rafiki kwa moyo, mwanangu, ila upanga ukague kwa macho yako. Sasa niletee hayo mafuta yaliyobaki, magoti yangu nayo yanakauka kama mianzi."