Aliyepokea Funguo

Jua lilikuwa limechoka, likiegemea mapaa ya mtaa, wakati Msimamizi alipomtuma Sindano aingie mara ya mwisho kwenye nyumba ya kona.

Sindano ni jina walilompa mafundi, kwa wembamba wake na kwa vile hakuna tundu asilopenya. Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwake. Nyumba yoyote, kabla haijabomolewa, lazima mtu aingie, apite chumba hadi chumba, na katika kila mlango apige hodi mara tatu. Asipojibiwa, anachora msalaba wa chaki ukutani, anakwenda kingine. Kwa miaka minne kazi hiyo ilikuwa imemkutanisha na mlevi aliyejifunika zulia, na siku moja paka aliyezalia ndani ya kabati. Wote aliwatoa. Hakuna aliyewahi kusahaulika ndani kwa uzembe wake, na hilo ndilo jambo pekee alilojisifia.

Kijiko, ile mashine ya manjano yenye mkono mrefu wa chuma, kilikuwa kimekula nusu ya nyumba tangu asubuhi. Vilibaki vyumba vinne vya mbele. Ukuta wa barabarani ulikuwa umeinama kama mtu anayechungulia kisima, na chini yake watu walipita. Kuuacha mpaka kesho haikuwezekana. Lazima ushuke leo, kabla giza halijaingia.

Aliyekiendesha kijiko alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kazini wote walimwita Opereta. Walipendana kwa utani. Jioni hiyo Opereta alimwambia aongeze mwendo, maana kwa hatua zile nyumba itajiangukia kwa uzee. Sindano akajibu kwamba mtu anayeshinda amekaa kitini hana la kusema kuhusu miguu ya wenzake. Mafundi wakacheka.

Akavua koti lake la rangi ya chungwa, akalitundika kwenye kioo cha pembeni cha kijiko. Huo ndio ulikuwa utaratibu wao. Koti likiwa kiooni, mtu yuko ndani. Akitoka analivaa, halafu anapuliza filimbi, kwa sababu mashine ikinguruma hakuna sauti ya binadamu inayosikika. Mbili fupi: piga. Moja ndefu: simama, haidhuru nani kaipuliza.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka, binti yake wa miaka minane alikuwa amekaa na daftari mapajani. Kila jioni alitoka shule akaja kumngoja pale, warudi nyumbani pamoja. Nyumbani hawakuwa na mwingine baada ya baba kufa. Sindano alimpungia mkono, akaingia.

Chumba cha kwanza: hodi, hodi, hodi. Kimya. Akachora.

Cha pili, kimya.

Cha tatu, kimya... isipokuwa mchanga uliokuwa ukidondoka kutoka kwenye dari, kidogo kidogo, kama mtu anayepepeta unga.

Alipofika cha nne alisimama. Milango yote ilikuwa imeng'olewa asubuhi. Huu ulikuwapo. Tena umefungwa. Na palikuwa na harufu ya mafuta ya taa, ile harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi.

Akakumbuka jambo. Nyumba hiyo iliuzwa na ndugu watatu, na mle ndani aliwahi kukaa shangazi yao, mzee aliyetunza funguo, asiyetoka hata mlangoni. Siku ya makabidhiano Msimamizi aliwauliza shangazi yuko wapi. Mkubwa akasema yuko kwa wa pili. Wa pili akasema, kwani si yuko kwa mdogo wetu? Mdogo akawatazama kaka zake. Kisha wote watatu wakacheka kile kicheko cha watu wenye haya, wakatia saini, wakaondoka. Hakuna aliyekwenda kumtafuta.

"Hodi," Sindano akasema.

"Hodi."

Hakuwahi kutamka ya tatu.

"Karibu."

Sauti ya mwanamke mzee. Kavu, kama jani linalokanyagwa.

Kwanza alishukuru. Alishukuru kwamba ameingia, na kwamba hakuchora msalaba akiwa barazani kama wafanyavyo wavivu. Akasukuma mlango. Giza tupu, dirisha lilikuwa limezibwa kwa matofali. Akamwita shangazi kwa upole, akamwambia nyumba inavunjwa, ampe mkono amtoe.

Akapiga hatua mbili gizani.

Kisha, karibu kabisa na sikio lake...

"Shika."

Hapa lazima ieleweke jinsi watu wa kazi hiyo wanavyoishi. Asubuhi ile ile walikuwa wamejipanga mstari, wakipokezana vigae vya paa mkono kwa mkono, mamia ya vigae. Ukisikia "shika" hutazami ni nini wala ni nani. Ukitazama umechelewa, na kigae kimemwangukia mwenzako mguuni. Mkono wao hutangulia akili.

Mkono wa Sindano ulitangulia.

Alipokea kitu kizito, baridi. Funguo nyingi kwenye pete ya chuma.

"Ahsante, mwanangu," sauti ikasema. "Mimi zimenichosha."

Mtu akampita begani. Akafika mlangoni, kwenye ule mwanga mdogo wa jioni, akageuka.

Sindano aliiona kanga yake mwenyewe iliyofungwa kichwani. Aliona kovu la kidevuni, alilolipata utotoni. Aliona filimbi shingoni, kama ile aliyoivaa yeye. Uso wake mwenyewe ulimtazama, ukatabasamu, ukaondoka.

Akakimbia. Alitoka mlangoni, akashika kushoto ulipo mlango wa mbele, akaingia kwenye chumba chenye msalaba wa chaki. Akageuka. Chumba kingine, na msalaba mwingine, mwandiko ni wake. Kingine. Kingine tena. Vyumba vilivyobaki vilikuwa vinne, naye alikuwa amehesabu misalaba tisa.

Akazitupa funguo. Zilianguka zikalia sakafuni. Alipofumba ngumi, zilikuwa ndani ya ngumi.

Katika chumba kimoja palikuwa na ufa ukutani, upana wa kidole. Akaweka jicho. Aliona barabara, aliona kijiko, aliona mtoto wake na daftari. Na alimwona yule mwanamke akitembea kwa mwendo wake mpaka kwenye mashine. Opereta mwenyewe alilitoa koti kiooni, akainama, akampa.

Akalivaa. Akaweka filimbi mdomoni.

Mbili fupi.

Sindano alipiga kelele mpaka koo likawaka. Injini ikaimeza kelele yote. Mkono wa chuma ukapanda, ukatulia angani, ukashuka.

Nyumba nzima ilirukaruka. Vumbi likamjaa puani na mdomoni. Boriti ilipasuka mahali juu ya kichwa chake, na katika hofu ile akakumbuka kwamba hata yeye ana filimbi.

Moja ndefu.

Injini ikashuka sauti. Kupitia ufa alimwona shemeji yake ametoa kichwa dirishani, anamtazama mwanamke wa nje, anatazama nyumba. Yule wa nje alimwambia kitu, labda kwamba ni upepo tu. Opereta akatikisa kichwa. Filimbi ndefu haibishaniwi. Akashuka, akavaa kofia yake ngumu, akaja.

Sindano alifungua kinywa amwambie asiingie. Lakini jicho lake lilikuwa bado kwenye ufa. Mtoto alikuwa amesimama kibarazani. Alivuka barabara. Yule mwanamke akampapasa kichwa, akampokea mkoba wa shule, akauning'iniza begani.

Akafumba kinywa.

"Nani anachezea filimbi humu?" Opereta aliuliza kutoka ndani ya vumbi. Hatua zake zilikuwa nzito, za mtu anayejua anakokwenda. Kwake nyumba ilikuwa na vyumba vinne tu. Akafika. Hakumwona sura, aliona kivuli cha mtu aliyeinama na kitu kizito mkononi, akafanya kile ambacho kila mmoja wao angekifanya. Akanyoosha mkono.

"Leta, nikupokee."

Sindano alikuwa na nafasi ya pumzi moja ya kusema hapana. Hilo hakuna wa kumwondolea. Alijiambia kwamba atatoka, atamkamata mtoto, kisha atarudi kumtoa shemeji yake, na pengine alikuwa anasema kweli.

"Shika," akanong'ona.

Uzito ukaondoka.

Ukumbi ukanyooka mbele yake, mfupi, wa kawaida, na mwishoni mlango wa mbele na barabara. Akatoka mbio. Hewa. Watu. Mwanga wa mwisho wa jua. Alitaka kuita jina la mwanawe, akainua mikono...

Mikono haikuwa yake.

Ilikuwa mipana, yenye grisi kwenye mikunjo ya vidole, na kidole gumba cha kulia hakikuwa na kucha. Aliijua mikono ile. Ndiyo iliyompa koti lake kila siku kwa miaka minne.

Msimamizi alimuuliza ameona nini huko.

"Kuna mtu ndani," akasema. Sauti iliyotoka kifuani ilikuwa nzito, ya kiume.

"Nani?"

"Shemeji."

Mafundi walicheka, wakafikiri ni utani wao wa kila siku. Mmoja akamwonyesha kwa kidole. Shemeji yako si huyo hapo?

Yule mwanamke alisimama hatua mbili tu kutoka kwake, koti la chungwa limemkaa sawasawa. Msimamizi alimuuliza kama amepita vyumba vyote. Akajibu ndiyo, vyote vinne, amechora vyote. Na neno la mkaguzi ndilo neno la mwisho. Hata Sindano mwenyewe asingekubali lipingwe na opereta. Kisha yule mwanamke akasogea karibu, akinukia mafuta ya taa, akamwambia polepole asisikie mwingine.

"Mimi nilikaa miaka na miaka nikingoja mtu aingie. Wewe hata robo saa hukuimaliza."

Ukuta ulilia. Kipande cha plasta kikaanguka, watu wakarudi nyuma. Msimamizi alisema muda umekwisha, ama Opereta apande amalize, ama ampandishe fundi mwingine, naye huyo mwingine alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati.

Njia ya kumtoa aliyebaki ilikuwa moja tu: kurudi ndani, kunyoosha mkono, kupokea. Sindano aliijua. Alipiga hatua kuelekea mlangoni. Hatua moja.

"Mama amesema nikuage, baba mdogo," sauti ndogo ikasema nyuma yake.

Akageuka. Mtoto alikuwa amesimama pale, ametulia, ameshikwa mkono.

"Amesema leo tutalala kitanda kimoja."

Sindano alipiga magoti kwenye kifusi, akamshika mabega, akamwambia, mimi ndiye mama yako, nitazame, ni mimi. Alimwona mwanawe akikunja uso. Mikono ile mikubwa ilikuwa ikimuumiza. Mtoto akajichomoa, akajificha nyuma ya koti la chungwa, na Msimamizi akamwinua yule aliyemdhani Opereta kwa nguvu, akimuuliza kama jua limempiga.

Ndipo wakasikia mlio kutoka juu. Safari hii haikuwa plasta. Ukuta wote ulikuwa umeanza kwenda, si barabarani, bali ndani, juu ya vyumba. Na nyuma yake mtu alikuwa anapiga ngumi. Sindano alisikia. Aliwatazama wenzake usoni mmoja mmoja, akajua kwamba wao hawasikii.

Hakufikiri. Alipanda kijiko. Maishani mwake hakuwahi kukaa kwenye kiti kile, lakini mikono ilivijua vishikio vya mashine. Ikavuta, ikasukuma. Mkono wa chuma ukanyooka ukapita kwenye dirisha la chumba cha kwanza, bakuli lake lenye meno likaingia chini ya ukuta kutoka ndani, taratibu, kama mtu anayemtegemeza mgonjwa. Ukuta ukalala juu yake. Ukasimama.

Mafundi walipiga makofi. Walidhani anatafuta pembe nzuri ya kuupiga.

Lakini chuma kilikuwa kinanyong'onyea. Alihisi. Kila alipolegeza kishikio hata kidogo, bakuli lilishuka na ukuta ukafuata, kwa hiyo ilibidi aushikilie, kwa mikono yote miwili, bila kupumzika. Ngumi za ndani ziliendelea. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala karibu kabisa na mstari mwekundu.

Barabarani, wawili walikuwa wanaondoka. Mwanamke mwembamba na mtoto, mkoba umening'inia begani, mwendo wa watu waliochoka wanaokwenda kwao. Injini ilikuwa imeshuka sauti, Sindano akaita. Akamwita mwanawe kwa lile jina la wakati wa kumlaza kitandani, jina ambalo halijui mtu mwingine duniani.

Mtoto akasimama.

Akageuka, akakitazama kijiko kwa muda mrefu. Kisha akainua macho kwa yule aliyemshika mkono, akauliza kitu. Yule akainama, akamjibu sikioni. Lilikuwa jibu refu. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, wakakata kona.

"Shuka," Msimamizi akasema. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya kijiko, na yule fundi mwingine yuko nyuma yake. "Shuka, bwana, mkono umeanza kukutetemeka."