Mwanaume Ndani ya Kiputo

"Hiki kipande cha barafu ni changu," Taimi alisema, vidole vyake vyenye unga vikiwa vimeng'ang'ania simu ya mwenzake yenye picha ya barafu hiyo.

Aulikki, aliyeoka naye mikate katika mji wa Sotkamo, aliacha kukanda.

"Barafu nayo ina mwenyewe, shoga? Nchi nzima imeganda tangu Novemba."

"Nakwambia ni changu. Tazama, ndani yake matawi matatu ya vijitunda vyekundu, moja limepinda. Nilichemsha maji mara mbili, nikayaacha nje siku nne kwenye boksi bila mfuniko. Sehemu ya chini yenye ukungu nikaikata kwa msumeno. Barafu inayong'aa hivi haiokotwi ziwani."

"Sasa imefikaje kwenye picha ya Hilkka?"

Taimi akaitazama tena picha. Jumapili iliyopita Jalmari, mchumba wake wa miaka miwili, alimwambia kile kipande kimemponyoka ngazini, kimevunjika. Akampa pole, akamkumbatia kabisa.

Juu ya barafu ile kilikaa kiputo cha sabuni, nusu kimeganda, manyoya ya barafu yakikipanda kutoka chini, kama vile Taimi mwenyewe alivyozoea kuvipiga picha kila msimu wa baridi. Chini ya picha Hilkka alikuwa ameandika: "Asubuhi ya baridi, mikono yangu miwili na subira." Watu mia nane walikuwa wameshaipenda.

Taimi akaikuza picha kwa vidole. Juu, pale kiputo kilipokuwa bado hakijaganda, paling'aa kama kioo. Ndani yake mlikuwa na mtu mdogo kama punje ya mchele, amelala kifudifudi, amevaa jaketi la rangi ya chungwa kama la madereva wanaotoa theluji barabarani.

"Mji huu una madereva wangapi wa trekta la theluji?" akauliza.

"Sita. Watano wana vitambi."

"Na aliyewahi kuwa na Hilkka?"

Aulikki akarudi kwenye kinyunga chake cha unga. Hakutaka kulitaja yeye jina la Jalmari.

Taimi akamtumia Jalmari ujumbe: "Uko wapi?"

Jibu likaja: "Kazini. Natoa theluji huku ziwani."

"Ziwani kwa nani?"

"Taimi, theluji ni theluji."

Akavua aproni. "Nishikie zamu."

"Nenda. Ila kisu cha mkate kiache hapa."

Akapanda kigari chake cha kuteleza, kile cha kusukuma kwa mguu, akaenda kasi mpaka pua ikafa ganzi. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na wala hakuna upepo. Asubuhi ya kugandisha viputo kabisa. Nyumbani kwa Hilkka, kando ya ziwa, trekta lilikuwa limezimwa, limepumzika kama liko kwao.

Njiani alikuwa amejiandaa kuona busu. Hakujiandaa kwa alichokuta nyuma ya nyumba. Hilkka alikuwa amepiga magoti na mrija mdomoni, akipuliza kiputo kingine juu ya barafu ya Taimi, na Jalmari amelala juu ya ngozi ya kulungu wa kaskazini, jicho kwenye kamera.

"Usisogee," Jalmari akasema bila kuinua kichwa. "Ukitikisa hewa kitapasuka."

Taimi akavua glavu, akakigusa kiputo kwa kidole. Kikabonyea kama ganda la yai.

"Theluji ni theluji, eti?"

Jalmari akainuka, theluji kifuani.

"Karibu, Taimi," Hilkka akasema. "Kahawa ipo ndani."

"Kanywe na waume za watu."

"Sijasikia kama mmeshaoana."

"Kanisani tuna tarehe, ya Juni. Ukitaka nenda ukaisome."

"Taimi, hakuna kilichotokea hapa," Jalmari akasema. "Naapa."

"Ungembusu ningeelewa. Busu ni ujinga wa dakika mbili. Lakini barafu yangu uliifunga kwenye blanketi, ukaipakia, ukaendesha polepole isipasuke. Kisha ukaja kunipa pole. Kote huko hukupata hata dakika moja ya kuona aibu?"

Jalmari akatazama buti zake.

"Na usiniambie ulikuja kumpulizia viputo tu," Taimi akaendelea. "Anayeonekana kwenye kiputo ndiye mwenye kamera. Ile picha umepiga wewe. Halafu mwenzio anaandika 'mikono yangu miwili'."

Jalmari akageuka taratibu. Yeye na mitandao hawakujuana.

"Uliandika hivyo, Hilkka? Uliniambia utaweka jina langu."

"Nani anamjua Jalmari? Watu wananifuata mimi." Hilkka alikuwa anakunja mrija. "Ulitaka kamera, nikakupa. Kwako si wanakunyima?"

Neno hilo likamwingia Taimi kuliko baridi.

"Ni kweli?" Taimi akauliza. "Ulimwambia nakunyima?"

"Misimu miwili nimekupulizia viputo mpaka midomo ikapasuka. Nilikuomba kamera mara tatu. Ya tatu ulicheka, ukasema nina mikono ya trekta."

Taimi alikumbuka. Alicheka sana siku ile. Na sasa, mbele ya adui yake, wivu ukambana mahali pasipotajika. Ile picha ilikuwa nzuri kuliko zake zote. Angemsamehe mwanamke mapema kuliko kuisamehe picha ile.

"Ungeniambia inakuuma," akasema.

"Ningemwambia nani? Ulikuwa unacheka."

Kisha Taimi akamgeukia Hilkka.

"Andika jina lake. Sasa hivi, nikiona."

"Na nisipoandika?"

"Nitaweka picha ya msumeno wangu na kile kipande cha chini chenye ukungu. Kinaoana na chako mstari kwa mstari. Watu mia nane wataamua."

Hilkka akaandika, midomo imebana. Jalmari akafuta theluji kwenye kamera, akamrudishia mikononi.

"Sirudi tena, Hilkka."

"Njia yangu utaitoa theluji. Ni kazi yako."

"Nitapita bila kusimama."

Barabarani trekta likaenda taratibu kando ya kigari cha Taimi, mpaka dirisha likafunguka.

"Taimi. Harusi ipo?"

"Niulize Jumapili."

"Kwa nini Jumapili?"

"Mpaka hapo nitakuwa nakuchukia. Sitaki haraka."

"Halafu?"

Taimi akasukuma kigari mara mbili.

"Halafu utanifundisha ulivyopiga ile picha. Mimi nitapuliza."

"Na utanyamaza?"

"Hilo sijaahidi. Endesha trekta, Jalmari."