Padi ya Kwenye Droo

Rafiki yangu, fundi wa mashine za gemu, si mtu wa kuogopaogopa, ila hili aliniapia.

Mchana mmoja alikuwa akijaribu mashine ya mteja kwa ule mchezo wa kupigana wa katuni za Kijapani. Kawaida yake huweka wachezaji wawili: yeye hushika padi ya kuchezea, na mpinzani asiye na mtu husimama kama gunia apigwe, ili ijulikane kama vitufe vyote vinafanya kazi.

Safari hii mpinzani alichuchumaa mara mbili.

Fundi akaacha kubonyeza. Hivyo ndivyo mdogo wake marehemu alivyomwamkia kabla ya kila pambano. "Shikamoo kaka, sasa jiandae kulia!"

Padi ya marehemu ilikuwa kwenye droo tangu msiba, imekatika waya.

"Mashine mbovu tu hii," alijiambia, akaichomoa kwenye umeme pamoja na skrini, mwanga pekee uliokuwa ukiwaka. Chumba kisicho na dirisha kikawa giza totoro. Ndani ya droo vitufe vikalia taratibu: ta, ta. Kimya. Ta, ta.

"Marahaba," alinong'ona.

Droo ikanyamaza. Kisha padi aliyoishika ikatetemeka mikononi mwake, vile inavyotetemeka mchezaji akipigwa.