Senene wa Alistidia

"Baba wa mtoto yuko wapi?"

"Nimemwacha Ulaya anakula senene."

Mama wa Kihindi aliyekaa kiti cha jirani akageuka mzima mzima. Ndege ndogo ilikuwa imeshaiacha Mwanza, chini ni ziwa tupu, na Adventina alikuwa na mwanawe Yoeli mapajani tangu Uswidi, peke yake, bila hata wa kumshikia chupa ya maziwa. Ilikuwa mwaka themanini na sita, mwezi wa kwanza.

"Senene, panzi wetu hawa, Ulaya? Nani amempelekea?"

"Alistidia. Mjane wa kaka yake."

"Amewakamata mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mchungaji aliyewaleta alisema hivyo mbele yangu, tena anacheka."

"Mama yangu!" alisema yule mama, akamchukua Yoeli ili Adventina anyooshe mikono. Jina lake Gangaben, mwenye duka la vitambaa Bukoba mjini. "Mimi niko Bukoba tangu kabla ya uhuru. Vita ilipokuja wenzangu wakaondoka, mimi nikabaki. Msimu wa senene ukifika, wanaume wanajaa dukani. Mke amemkamatia senene, yeye lazima amrudishie nguo. Sasa bwana yako amerudisha nguo?"

"Hilo ndilo ninalokwenda kuliangalia."

Ukweli ni kwamba Adventina alikuwa na sababu. Gamaliel, mumewe, alikuwa anasoma kule kwa msaada wa kanisa. Pakiti ya senene ilipofika, hakumkaribisha mtu. Aliwala amesimama jikoni, macho ameyafumba. Mke alipouliza, akajibu, "Shemeji tu huyo, amefiwa." Baada ya siku chache Adventina akaona chini ya kitanda sweta la kijani, la kike, jipya. Akafurahi kimoyomoyo akingoja Krismasi. Krismasi ikafika, akapewa chupa ya chai. Alipochungulia tena chini ya kitanda, sweta halipo, na mchungaji alikuwa amesharudi Bukoba.

Ningekuwa mimi, chupa ile ingetokea dirishani. Adventina alishukuru, akachemsha chai, akaimimina humo. Kisha akasema, "Mzee hajamwona mjukuu wake. Naenda kumwonyesha." Gamaliel akambebea mizigo mpaka uwanja wa ndege, anatabasamu. Wanaume bwana!

"Na ukikuta hiyo sweta kwake?" Gangaben aliuliza alipokwisha kusimuliwa.

"Nikilikosa, nitarudi nimpigie magoti mume wangu. Nikilikuta, sina ndoa."

"Duka langu lina simu. Ukitaka kumtukana, njoo pale."

Gari alilopata lilipita Kanazi, kwao, penye wazazi wake, na hakushuka. Alifika Ijumbi mvua ikinyunya. Mzee Mushumbusi, baba mkwe wake, alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akaagiza mgeni aletewe kahawa ya kutafuna.

"Karibu, mwanangu. Na Gamaliel anakuja lini? Wazee wanamsubiri."

"Wanamsubiri kwa lipi, tata?" aliuliza, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

Mzee akajifanya anacheza na mtoto. Hapo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Alistidia na kisahani cha kahawa. Amevaa sweta la kijani.

Adventina akachukua kahawa moja, akaitafuna. Alingoja mzee atoke na mjukuu kumwonyesha kwa majirani, ndipo akafungua mdomo.

"Sweta zuri, dada."

"Nimeletewa."

"Na nani?"

"Unajua na nani. Usingepanda ndege na mtoto mchanga kuja kuulizia sweta usilolijua."

"Ulimpelekea mume wangu senene."

"Niliambiwa nipeleke. Mume wangu Philbert alipozikwa, wazee wakakaa, wakasema Gamaliel atanirithi. Nikikataa, niache kibanja chote, shamba na nyumba, nirudi kwetu, na watoto wabaki. Migomba ile nimeipanda mimi, Adventina. Kahawa ile nimeipalilia mimi. Wewe ungefanyaje?"

"Ningeondoka."

"Una pa kwenda."

"Na yeye alikubali kukurithi?"

Alistidia akavuta mkono wa sweta. "Si ndilo jibu lake hili hapa?"

Adventina akalitazama sawasawa. Mabega yamekaa mahali pake. Mikono imeishia kwenye viganja, haijazidi wala kupungua. Jambo hilo lilimuuma kuliko kikao chote cha wazee, na usiku kucha hakulala.

Asubuhi alirudi Bukoba, dukani kwa Gangaben. Simu ilichukua muda mrefu kuunganishwa, akangoja kwenye kiti cha wateja, Yoeli amelala juu ya majora ya vitambaa.

"Haloo? Adve? Mtoto hajambo?"

"Mtoto hajambo. Sweta pia halijambo."

Gamaliel akashusha sauti.

"Adve, nisikilize. Wangemfukuza pale. Nilituma ili wazee watulie. Ni huruma tu."

"Huruma. Sawa. Saizi yake uliijuaje?"

"Unasemaje?"

"Mimi mkeo, gauni la harusi uliloniletea lilinibana kwapani mpaka kanisani nikashindwa kuinua mikono. Alistidia hujamwona miaka mingapi? Limemkaa kama kapimwa na fundi. Saizi yake uliijuaje, Gamaliel?"

Waya ulikwaruza. Gangaben, aliyekuwa anapima kitenge, akasimamisha mkasi.

"Alikuwa wangu," Gamaliel alisema mwishowe. "Kabla ya Philbert. Tulikuwa wote shule, Kamachumu. Nilipokwenda chuo, kaka akamuoa."

"Kwa hiyo mimi ulinioa kwa sababu yeye alishachukuliwa."

"Hapana, Adve! Wewe ni..."

Adventina akaweka simu chini. Alilia pale pale mbele ya wateja, bila aibu. Gangaben akamletea chai ya maziwa, akamfuta uso kwa ncha ya sari.

"Kunywa. Mume wangu Jayantilal, miaka yote ile, hakujua saizi ya mwanamke yeyote. Hata yangu. Nilikuwa namchukia kwa hilo. Leo namshukuru."

Baada ya wiki mbili Gamaliel akashuka Bukoba na begi moja. Wazee hawakumpa nafasi hata ya kuoga. Walikaa sebuleni kwa Mzee Mushumbusi, wanawake mkekani, Adventina na mtoto wake karibu na mlango.

"Mwanangu," mzee alisema, "leo utalala nyumba ya kaka yako. Nyumba haiwezi kukaa bila mwanaume."

Gamaliel akatazama viatu vyake.

"Sema," Adventina alimwambia.

"Adve, ni desturi. Nitakuwa mume wa jina tu."

"Jina ndilo litakalolala kule leo, au ni wewe?"

Mzee mmoja akacheka, akakohoa kuficha. Adventina alimwona Gamaliel akiinua macho, akimtazama Alistidia. Alimtazama kidogo tu, lakini mke anajua. Akamkumbatia Yoeli kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Hapo Alistidia akainuka mkekani.

"Tata waitu, na mimi nina neno. Philbert alikufa na Juliana."

Ndivyo tulivyouita ugonjwa ule huku kwetu, kabla redio haijatufundisha kusema Ukimwi. Wazee walikuwa wameshakubaliana kwamba Philbert alilogwa na jirani.

"Nani kakwambia?" mzee alifoka.

"Nilimfulia mashuka mimi. Nilimlisha mimi. Namna alivyoanza yeye, ndivyo ninavyoanza mimi. Homa hainiachi, nakonda, sweta hili linanificha tu. Huyu akiingia kwangu, mtamzika. Na huyu mwenye mtoto mtamzika baada yake. Nilinyamaza kwa ajili ya kibanja, nikasema watoto wangu watalala wapi. Lakini nimemwona huyu mtoto. Siwezi."

Gamaliel akasimama kama anataka kumwendea, Adventina akamwambia, "Kaa chini." Akakaa.

Mzee Mushumbusi akapitisha kiganja usoni. Alipozungumza, sauti ilikuwa ngumu.

"Kama harithiwi, arudi kwao. Kibanja hakikai na mwanamke."

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya Adventina. Aliruka bahari kuja kumwondoa mwanamke huyu, na sasa anaondolewa bila yeye kunyanyua kidole. Angekaa kimya tu, yangekwisha.

"Tata," alisema, "mpe kibanja."

"Unasemaje wewe?"

"Mpe, kiwe chake na watoto wake. Mkiona ukoo umepungukiwa, chukueni sehemu ya Gamaliel, ile iliyo karibu na kisima, tutajenga mjini. Yeye apate ardhi, mimi nipate mume. Asiwe na sababu nyingine ya kumkamatia senene."

Wazee wakaguna. Mwanamke anagawa ardhi!

"Huu ni wivu," Mzee Mushumbusi alisema.

"Ni wivu, tata. Sikatai."

Mzee akamgeukia mwanawe. "Na wewe?"

"Sehemu yangu ichukuliwe," Gamaliel alisema. "Watoto wa kaka wasitoke."

Ikawa hivyo. Mzee alikasirika, lakini aliliona jambo lenyewe, na alikuwa ameshazika mtoto mmoja. Hakutaka kurudia.

Jioni, Adventina alimkuta mumewe kwenye migomba.

"Asingesema, ungeingia kwake?"

"Adve, yamekwisha."

"Ungeingia?"

"Ningeingia."

Adventina hakumpiga kofi wala hakupiga kelele. Asubuhi alimfunga Yoeli mgongoni akaenda kwa mama yake Kanazi. Gamaliel alikuja na pombe ya ndizi, baba yake Adventina akasema binti amelala. Akaja tena, binti ana homa. Alipokuja mara nyingine na mvua imemlowesha mpaka mifupa, Adventina akatoka mwenyewe.

"Ukimtazama tena vile ulivyomtazama, nakuacha."

"Nimesikia."

"Unampenda?"

"Nilimpenda. Wewe nakupenda. Nilipoona umesimama pale mlangoni na mtoto, niliogopa kukukosa kuliko kufa."

"Ulichelewa kuogopa," Adventina alisema, lakini alikuwa ameshachukua kitambaa kumkausha kichwa.

Walipanga nyumba Bukoba, Ulaya hawakurudi. Alistidia aliendelea kukonda, na majirani walipoanza kupita mbali na nyumba yake, aliyekwenda kumwogesha na kumlisha alikuwa Adventina. Gamaliel akifuatana naye, alimwacha uani. Watu walisema ana roho nzuri. Mimi nasema huruma ilikuwepo, na wivu ulikuwepo, na vyote viwili vilipanda gari kila wiki mpaka Ijumbi.

Siku ya mwisho, Yoeli ameshajua kutembea na anacheza uani na baba yake, Alistidia alifungua macho.

"Niitie."

"Nikuitie nani?"

"Unamjua."

Adventina alikamua kitambaa, akakikamua tena na maji hayamo. Ulimi ulikuwa tayari kusema kwamba Gamaliel hayupo, kasafiri. Moyo uliwaka kama siku ile alipoliona sweta. Akatoka uani.

"Anakuita."

"Twende wote, Adve."

"Kakuita wewe. Ingia. Mimi nasubiri nje."

Gamaliel akamtazama mkewe, akainama, akaingia. Adventina akavuta mlango ukafungana, akamshika Yoeli mkono, wakatembea mpaka mwisho wa mikahawa, mahali ambapo sauti za ndani hazifiki. Walichozungumza wawili wale hajamuuliza mumewe mpaka leo.